Mstari wa Mama Katika Kitabu cha Ukoo

20 Oktoba

Nimerudi nyumbani jana na masanduku mawili: moja la nguo, jingine la vitabu vya mtihani wa kuajiriwa serikalini, ambao nimeshaufeli mara mbili. Mama hakuniuliza neno kuhusu mtihani. Alinipa glavu tu.

Jumatano tunaanza kuchuma gam, matunda matamu tunayoyamenya na kuyakausha kila mwaka. Tangu Baba afariki miaka minane iliyopita, kazi hii ni ya Mama na Bibi, na mimi nikipata likizo. Bibi ana miaka themanini na minne na bado anaitukana mashine ya kumenya kuwa ni mvivu.

Nimeamua kuandika humu mpaka gam zikauke. Chuoni Daegu niliandika kurasa nyingi juu ya watu waliokufa miaka mia tano iliyopita. Hawa ninaokula nao sijawahi kuwaandika.

23 Oktoba

Tumechuma kutwa. Siwezi kunyoosha mgongo.

24 Oktoba

Tumechuma tena. Bibi kanitazama nikishuka kwenye ngazi, akasema, "Huyu amesoma mpaka miguu imesahau kazi yake."

25 Oktoba

Tunamenya. Mashine inazungusha tunda, ganda linatoka kama utepe, kisha Mama anakishika kikonyo na kulitundika kwenye vishikizo vya plastiki, safu kwa safu, mpaka darini. Saa nane hivi banda lote lilikuwa na rangi ya machungwa, na sisi ndani yake.

Akaja Babu Mansik. Ni mdogo wake marehemu babu yangu, mzee wa miaka themanini, ana kifaa cha kusikia ambacho hukizima Bibi anapoanza kusema. Ndiye katibu wa kitabu cha ukoo kwa tawi letu la ukoo wa Seong wa Damok. Kitabu huchapwa upya kila baada ya miaka thelathini. Mara ya mwisho Baba alikuwa bado kapera.

"Nari," akasema, "mchapaji anataka kila kitu kiwe kwenye kompyuta, tena kwa herufi za Kichina. Kamati yetu ina watu kumi na mmoja. Kijana wetu ana miaka sitini na minane, na kompyuta yake anaitumia kucheza karata."

"Kwa hiyo mmenikumbuka mimi."

"Serikali ikikukataa, ukoo unakuajiri. Hakuna mshahara lakini kuna chakula."

Bibi akadakia: "Msomi wa chuo kikuu, na kazi yake iwe kuandika majina ya maiti!"

"Wengine wako hai, shemeji. Wewe mwenyewe umo."

"Nimo kwa jina gani?"

Babu akacheka, akaanza kutafuta kiatu chake. Ameniachia bahasha nene ya fomu na toleo la zamani. Niwe nimemaliza kabla ya tarehe kumi na saba Novemba, siku ya ibada ya makaburi, kwa sababu ndipo kamati itakapopitisha kurasa zote. Baada ya hapo ni miaka thelathini mingine.

27 Oktoba

Nimefungua toleo la zamani. Bibi yumo kweli: "Mke: wa ukoo wa Ha. Binti wa Ha Gyeongdo." Jina la baba yake limo, jina lake halimo. Wanawake wote wako hivyo, vizazi ishirini na vitatu. Toleo jipya linaruhusu majina ya wake, na hilo wamelitangaza kwa fahari kwenye barua yao.

28 Oktoba

Nimemuuliza Bibi jina lake niliandike. Akamenya matunda mawili kwanza.

"Kkeutsun," akasema mwishowe. Binti wa Mwisho. Wazazi wake walikuwa na mabinti watano, wakampa jina hilo ili asifuate binti mwingine.

"Akafuata?"

"Wakafuata wawili. Jina lenyewe halikufanya kazi, la nini kuliandika?"

Nilidhani anatania, lakini nilipogeuka nikaona ameinamisha kichwa. Sikuliandika. Miaka yote nimemwogopa bibi huyu kwa ulimi wake na sikuwa najua hata anaitwaje.

30 Oktoba

Leo nimefika kwenye fomu ya Baba. Imejazwa kwa mkono wa Babu Mansik, mwandiko mzuri wa wino:

"Mke: wa ukoo wa Yang wa Sannam."

Nimeisoma mara nne. Mama yangu anaitwa Lương Thị Thắm. Alizaliwa Trà Ôn, Vietnam, kwenye delta ya Mekong, akaja hapa Korea akiwa na miaka ishirini kuolewa na mtu aliyemwona mara mbili. Ana miaka ishirini na minne katika nyumba hii. Sannam, mji wa hapahapa Korea, amefika mara moja tu, kwa basi la chama cha akina mama wa kijiji, na alitapika njia nzima.

Nimeelewa walivyofanya. Jina la ukoo la Mama, ukiliandika kwa herufi za Kichina, ni herufi ileile ya akina Yang wetu. Basi wamemchukua na kumpachika kwenye ukoo wa Kikorea ambao haumjui, kama tawi linavyopandikizwa kwenye mti wa jirani.

Sijamwambia. Yuko bandani, anaimba polepole.

31 Oktoba

Nimekwenda kwa Babu Mansik. Nilikuta anapanga viatu mlangoni. Nikamwekea fomu mbele.

"Babu, hii ni nini?"

"Ni fomu."

"Mama yangu si mtu wa Sannam."

Akaishika fomu mbali na macho, kana kwamba aliyeandika ni mwingine. "Kitabu hiki hakina safu ya nchi, Nari. Kina safu ya chimbuko la ukoo. Kila mke lazima awe na chimbuko. Ningeandika nini?"

"Trà Ôn. Vietnam."

"Wawili kwenye kamati hawakutaka aandikwe kabisa. Wanasema ni mjane kijana, kesho ataondoka. Nimegombana nao vikao vitatu. Mzee Jaebong hadi leo haniamkii. Hii ndiyo nafasi niliyoipata."

"Si nafasi yake."

"Ni nafasi yako wewe," akasema. "Siku utakapoolewa, wazee wa upande wa pili watafungua kitabu. Wataona Yang wa Sannam, watafunga kitabu, watakunywa pombe. Basi."

Nilimwambia sihitaji watu wa namna hiyo. Akasema kila mtu hahitaji mpaka siku ya siku. Kisha akakizima kifaa chake cha kusikia, nikabaki nasema peke yangu.

1 Novemba

Joto. Hili si joto la Novemba.

2 Novemba

Mvua, na joto bado. Mama amewasha feni zote. Gam zinahitaji upepo mkavu na baridi. Zikipata unyevu wiki hii, ngozi haifungi na ukungu unaingia. Mama anapita kila safu, ananusa.

3 Novemba

Mvua.

Nimeufungua ukurasa wa Baba kwenye kompyuta, nikafuta Sannam. Nimeandika: "Mke: Lương Thị Thắm, wa Trà Ôn, Vietnam." Nitawapelekea hivyohivyo, hawatasoma kila mstari. Nilijiona shujaa kwa dakika kama tano.

Halafu ikaja sehemu inayofuata: "Binti wa." Vidole vikasimama. Naweza kukutajia wanaume wa Seong vizazi ishirini na vitatu, nani alikuwa mwalimu wa mfalme, nani alihamishwa kisiwani. Baba yake Mama simjui jina. Kwenye simu huwa namwona mzee mwembamba aliyekaa karibu mno na kamera, namwita ông, babu, namuuliza kama amekula. Anasema amekula. Hapo Kivietinamu changu kinaisha.

4 Novemba

Ukungu umeingia safu mbili za upande wa mto. Tumekata mamia ya matunda na kuyatupa. Mama anayakata na kuyaweka kwenye ndoo taratibu kama mayai.

Nikaona ni wakati mzuri wa kuuliza kijuujuu.

"Mama, babu wa Trà Ôn anaitwa nani jina lote?"

Mkasi ukasimama. "Ya nini?"

"Nataka kujua tu."

"Miaka ishirini na mitatu hukutaka kujua. Ni ya kitabu?"

Nikashindwa kudanganya. Nikamweleza yote, Sannam, kikao, nilivyofuta. Nilitegemea ataumia, kisha atanishukuru. Alinisikiliza, akaendelea kukata.

"Rudisha kama ilivyokuwa," akasema.

"Nini?"

"Baba mdogo Mansik alikuja mwezi wa nne, akaniuliza. Nilikubali."

"Ulikubali vipi? Mama, hicho ni kitabu cha uongo!"

"Ulikuwa darasa la pili. Ulirudi na karatasi mgongoni imebandikwa kwa gundi, 'Bidhaa ya Vietnam'. Ulikuwa hujui kama ipo. Ulipita nayo kijiji kizima, ukiimba. Gundi haikutoka, nikalichoma lile koti, nikakwambia limepotea. Ulililia wiki nzima." Alisema bila kuinua sauti. "Wewe hukumbuki na sitaki ukumbuke. Mtu akinijia na karatasi ambayo haina neno hilo, nitaikubali."

"Hukuniuliza mimi."

"Na wewe uliniuliza?"

Bibi alikuwa mlangoni na ndoo tupu. Akaingia, akaanza kuijaza na yeye.

5 Novemba

Mvua. Hatusemezani. Feni zinavuma kutwa, angalau zinajaza nyumba.

Lile koti lilikuwa la njano. Nalikumbuka.

6 Novemba

Mvua imekatika mchana. Ukungu umefika safu ya tano.

8 Novemba

Nikiwa naandika ukurasa wa Babu Mansik mwenyewe, nimekuta hiki, kutoka toleo la zamani: "Mwaka 1968 alitunukiwa nishani ya ushujaa, Vietnam."

Nilijua alikwenda vitani, pamoja na wanajeshi wa Korea waliotumwa kule kupigana upande wa Wamarekani. Kijiji kizima kinajua, kama kinavyojua nani ana kisukari. Hajawahi kulitaja mbele yetu. Lakini neno lenyewe limo kitabuni! Lilikuwamo kabla Mama hajaja, limechapwa kwa wino, kwenye mstari wake yeye. Vietnam inaruhusiwa kuingia kitabuni kama ni mahali mtu wa Seong alikopewa nishani, hairuhusiwi kama ni mahali alikozaliwa mama wa mtu.

Nimetoa nakala ya ukurasa huo, nimeikunja mara nne. Nitaisoma mbele ya kamati yote, tarehe kumi na saba. Nina hasira, lakini si hasira peke yake. Ni furaha pia. Nimeipata silaha.

10 Novemba

Baridi imerudi, kavu, ya kukata masikio. Mama amekwenda bandani alfajiri, amerudi akitabasamu. Hakunitazama lakini alitabasamu.

12 Novemba

Nimefanya jambo baya.

Mama aliniuliza kama nimerudisha Sannam. Nilikuwa nimerudisha, siku ileile tulipogombana, kwa hasira. Nikatoa ukurasa kwenye printa, nikampelekea bandani. "Haya, ndivyo ulivyotaka."

Mama anasoma Kikorea vizuri, ila herufi za Kichina hazijui. Akaniambia nimsomee, akavua glavu kwanza kana kwamba ni barua kutoka kwao. Nikamsomea. Jina la Baba, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, kaburi lilipo. "Mke: wa ukoo wa Yang wa Sannam."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka kidole chini ya mstari wa Bibi, juu kidogo. "Na hapa pameandikwa nini?"

"Binti wa Ha Gyeongdo."

"Baba yake Mama," akasema, maana Bibi naye humwita Mama.

"Ndiyo."

Kidole kikashuka hadi kwake. Hapakuwa na kitu. "Na mimi?"

"Pameachwa wazi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huko Sannam huna baba," nikasema.

Nilisema hivyo. Niliyasikia maneno yakitoka na nikayaacha yatoke. Mama akaendelea kuutazama ule weupe wa karatasi.

"Hawakuniambia hilo," akasema. "Waliniambia ni mahali tu. Nikasema mahali chukueni, mtu anahama mahali." Akazikunja glavu. "Anaitwa Lương Văn Đẩu. Ana miaka sabini na minane. Aliazima mashua ya jirani kunipeleka stendi siku naondoka, akasimama chini ya dirisha langu mpaka basi likatoka, na kofia yake ameishika hivi." Akaonyesha, mikono miwili kifuani. "Jina langu wangeweza kulifuta lote, nisingesema kitu. Yeye hakukubali kufutwa. Mimi ndiye nimemfuta."

Nikapiga magoti pale kwenye maganda. Nilisema samahani mara nyingi mno, mpaka akasema, "Inatosha, utachafua suruali."

13 Novemba

Tumepanga upya safu zilizonusurika, sisi watatu. Bibi ghafla, bila kututazama: "Mimi nilipoletwa hapa nilitoka kijiji cha ng'ambo ya mlima tu. Hata hivyo miaka mitatu ya kwanza nilikuwa napanda pale kwenye ukingo wa mfereji kutazama moshi wa kwetu." Akatundika tunda. "Wewe, Mama Nari, hata moshi hukuwa nao."

Mama akasema, "Nilikuwa na wewe, Mama."

"Mimi nilikuwa nakufokea."

"Ndiyo. Nilikuwa nasikia mtu yupo."

Wakacheka wote wawili, mpaka Bibi akakohoa. Nimetazama hawa wanawake maisha yangu yote na nilidhani nimewaelewa.

15 Novemba

Maandalizi ya ibada. Keki za mchele, samaki wa kukausha, ndizi hizi za supamaketi ambazo wazee siku hizi wanazipenda. Mama anapika kwa ukoo wa watu sitini. Nakala ya nishani iko mfukoni mwa koti langu.

17 Novemba, Jumapili

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Makaburi yako juu ya kilima, nyuma ya msonobari. Wanaume huinama mbele ya jiwe la mwanzilishi wa tawi, wanawake hubaki chini na masufuria. Baada ya ibada wanaume hukaa kwenye turubai, kamati hupitisha mambo yake, ndipo chakula hupandishwa. Ndivyo inavyokwenda kila mwaka.

Mama alikipandisha chakula mapema. Alishika sinia la keki, Bibi akamshika mkono wa koti, mimi nyuma na supu. Tulifika Babu Mansik akiwa anazisoma kurasa kwa sauti. Watu wakageuka.

Mama akaweka sinia chini. Akapiga magoti pembeni ya turubai, sawasawa, kama mkwe anavyotakiwa.

"Baba mdogo, naomba radhi. Mwezi wa nne nilikubali mniandike Sannam. Nimebadili neno langu. Kama baba yangu hawezi kuandikwa, na mimi msiniandike. Mwacheni mume wangu peke yake."

Upepo ulikuwa unapeperusha pembe ya turubai.

Mzee Jaebong ndiye alianza. Ni mtu wa mji wa Pohang, ana duka la matairi na sauti iliyozoea kelele za karakana. "Si niliwaambia? Leo Vietnam, kesho nani? Tutaandika na Wafilipino, tutaandika na Wauzbeki! Kitabu cha ukoo kitakuwa uwanja wa ndege!"

Watu wengine wakacheka. Mkono wangu ukaingia mfukoni.

Lakini Bibi alikuwa ameshaanza. "Jaebong!" Akamwita kama anavyoitwa mtoto. "Huyu mliyetoka kumwinamia sasa hivi, ukurasa wa kwanza unasema alitoka wapi?"

"Hilo ni jambo jingine, shangazi."

"Nimekuuliza alitoka wapi."

Jaebong akatazama jiwe. "China."

"Alifika kwa meli, hajui kuomba hata maji. Mkamwandika yeye na baba yake, na baba wa baba yake. Mkwe wangu huyu anajua kuomba maji, anajua kukupikia, anajua kumzika mwanangu na kubaki na mama yake. Wewe mama yako yuko wapi? Yuko kwenye nyumba ya wazee, nimesikia wanampa uji wa pakiti."

Hakuna aliyecheka sasa. Jaebong akawa mwekundu hadi masikioni, na kwa kweli nilimhurumia.

Nilikuwa nimeshaitoa nakala, imekunjuka nusu. Nikamtazama Babu Mansik ili nianze kusoma. Alikuwa amezishusha kurasa mapajani na amemkazia Mama macho, na uso ule sikuujua. Ulikuwa uso wa kijana anayeogopa.

"Mama Nari," akasema. "Baba yako. Mwaka wa sitini na saba alikuwa wapi?"

Watu wakatazamana, hawakuelewa. Mama alielewa. Nadhani alikuwa amelisubiri swali hilo miaka ishirini na minne.

"Alikuwa nyumbani, Baba mdogo. Delta. Ninyi mlikuwa mbali, mlikuwa kaskazini huko, kwenye milima. Alijificha bustanini miaka mitatu asichukuliwe jeshini na upande wowote. Hakuwahi kumwona askari wa Kikorea."

"Hakuwahi."

"Hakuwahi. Wala ndugu zake. Nilimuuliza kabla sijaja."

Babu akapumua. Sijui namna ya kuiandika pumzi ile. Mwili wote ulishuka nayo. Akakipapasa kifaa chake cha kusikia, nikadhani anakizima, kumbe alikuwa anaongeza sauti.

"Sikutaka kujua," akasema, na alikuwa anasema na Mama peke yake. "Kila nilipokula mezani kwako nilikuwa nawaza, huyu je, ni wa watu wepi, wa kule tulikopigana? Nikaona nikuandike Sannam, uwe umetoka Sannam, liishe."

Kisha akatoa kalamu kwenye koti lake la ibada, akafuta mstari, akamuuliza Mama herufi za jina la baba yake. Mama hazijui. Wote wakanigeukia mimi. Nikaja, nikapiga magoti, nikaandika herufi nilizokuwa nimezitafuta tangu siku ile bandani. Nakala ilikuwa bado mkononi, nikaiweka chini ya goti.

Jaebong na mwenzake hawakuinua mkono kukubali. Tisa waliinua.

18 Novemba

Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Bibi ameacha uji mlangoni, wa kweli, si wa pakiti.

20 Novemba

Babu Mansik amekuja bandani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaomba kazi. Mama akampa gam zilizokauka nusu azifinye kwa vidole ili ziwe laini. Alifinya muda mrefu.

"Nari, ukurasa wangu umeshauandika?"

"Ndiyo, Babu."

"Ile nishani. Itoe."

Nilidhani ningefurahi. Siku kumi na mbili zilizopita ningefurahi. "Nifute mstari wote?"

Akafikiri. Akamtazama Mama, ambaye alikuwa mgongo kwetu, kwenye ngazi.

"Mama Nari, wewe unasemaje?"

"Huo ni wako, Baba mdogo. Usiniulize mimi."

Akaendelea kufinya, tunda baada ya tunda. "Usifute wote," akasema. "Andika: alikwenda Vietnam, akarudi. Basi."

Nimeandika hivyo.

24 Novemba

Jalidi ya kwanza, nyasi zimekuwa nyeupe alfajiri. Bibi amekuja kwangu nikiwa naandika na kusimama nyuma ya kiti. "Lile jina," akasema. "Kama kuna nafasi." Nikamwambia ipo. Akasema niliandike dogodogo.

28 Novemba

Mchapaji amepokea kila kitu. Mchana, tukiwa tumekaa kwenye jua nje ya banda, Mama akapiga simu Trà Ôn kuwaambia. Babu wa huko akatokea kwenye kioo, karibu mno kama kawaida, pua na jicho moja. Mama akamweleza kwa Kivietinamu, taratibu, kisha akanisukumia simu.

"Msomee."

Nikamsomea kwa Kikorea, Mama akitafsiri kila kipande: "Mke: Lương Thị Thắm. Binti wa Lương Văn Đẩu, mkulima wa Trà Ôn, Vietnam."

Babu akasogea nyuma, nikaona uso wote. Akamuuliza Mama kitu. Mama akajibu. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, mkono ukitikisika hewani. Mama akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Anasemaje?"

"Anasema nani kawaambia yeye ni mkulima? Trà Ôn nzima ni wakulima, hata bata ni wakulima. Yeye ni fundi wa kubebesha michungwa, kupandikiza tawi la mti huu kwenye shina la mwingine. Watu wanatoka wilaya tatu kumfuata. Anasema kama kitabu kitakaa miaka thelathini kiandikwe sawasawa."

Bibi, ambaye haelewi neno la Kivietinamu, akachungulia kwenye simu. "Mzee amekasirika?"

"Sana, Mama."

"Vizuri," akasema Bibi. "Huyo kweli ni mtu wa kuandikwa."

Nimempigia mchapaji. Alilalamika kuwa sahani za kuchapia kurasa zimeshatengenezwa. Nikamwambia azitengeneze tena, na nikakaa kwenye laini mpaka aliponisomea mstari wote, neno kwa neno.